Alama za dodoso hazitoshi kupima utendaji kazini

Kila mwisho wa mwaka ofisi nyingi hugawa dodoso, hujumlisha alama, kisha idara moja husifiwa na nyingine huitwa legelege. Mimi husema hapo kazi ya kupima ndiyo kwanza imeanza.

Tazama kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, huko Cicero, jirani na Chicago nchini Marekani. Mwaka 1924 watafiti walianza kubadili mwanga wa taa huku wakihesabu kazi iliyotoka. Mwanga ulipoongezwa, kazi iliongezeka. Ulipopunguzwa, kuna waliozidi kuzalisha vilevile. Hesabu zilikuwepo, sababu haikuonekana. Basi kuanzia 1928 wakafanya mahojiano na wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanzoni walikuwa na maswali yaliyopangwa, lakini watu waliyakwepa na kueleza yaliyowakera wenyewe. Watafiti wakaacha kuwakatiza.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Kati ya 1931 na 1932 mtazamaji aliketi katika chumba cha mafundi 14 wa kuunganisha nyaya za mitambo ya simu. Akagundua kwamba mafundi wenyewe walikuwa na kiwango chao cha kazi ya siku. Aliyezidisha alitaniwa, pengine akapigwa ngumi ya bega. Aliyezembea naye alisemwa. Na taarifa za uzalishaji walizotoa zililainishwa: aliyefanya nyingi leo alibakiza nyingine aziripoti siku ambayo mkono ni mzito. Aliyesoma rejesta tu angeamini kwamba kila siku ilifanana na jana yake.

Hawthorne ina kasoro zake pia. Katika chumba kingine, wanawake wawili waliodaiwa kupiga soga waliondolewa mwaka 1928 na kuletwa wengine wawili, na utaratibu wa malipo nao ulikuwa umebadilishwa. Ukibadili mambo mengi kwa pamoja, huwezi kujua lipi lililoleta matokeo.

Kwa Tanzania, watumishi wa umma waliufahamu mfumo wa OPRAS, wa kupima utendaji wao kazini, tangu 2004: malengo, kisha alama. Mfumo wa namna hiyo una faida, ila ni jicho moja. Ukitaka kujua kwa nini vibali vinachelewa, anza na kumbukumbu zilizopo uone mafaili yanakwama dawati gani. Zungumza na wanaokaa dawati hilo, na wananchi walio kwenye foleni. Halafu keti hapo siku kadhaa, utazame bila kuelekeza mtu.

Majibu yakipingana, usitafute wastani. Karani akijaza kwamba vifaa vinatosha, nawe umemwona akisubiri printa ya ofisi ya jirani, uliza kwa nini hakuandika hivyo. Mara nyingi utakuta dodoso lilikusanywa na bosi wake, likiwa na jina juu. Mahojiano yafanywe na mtu asiyempandisha wala kumshusha cheo, na majina yasifike mezani kwa mkuu wa idara.