Ridi ya saksofoni na baridi la Mbeya

Juzi kijana mmoja wa kwaya ninayemfundisha kaja na saksofoni yake ya alto kanyong'onyea, "mwalimu saksofoni imekufa, noti za chini hazitoki kabisa." Nikavua kifuniko cha mausipisi (pale pa kupulizia) nikakuta ridi, kile kijimwanzi chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti, imefungwa palepale toka Jumapili, ncha imejikunja mawimbi kama bati. Saksofoni ilikuwa nzima.

Hii kitu inaniuma kwa kweli, maana huku ridi hazipatikani kirahisi, wengi wetu tunaagiza Dar zinapanda basi, alafu boksi zima linaisha kabla ya wakati wake kwa sababu ya kuhifadhi vibaya tu.

Ridi ni mmea jamani. Ni jamii ya matete, kitaalamu Arundo donax, na zile nzuri nyingi mwanzi wake unalimwa Var kusini mwa Ufaransa, unakaushwa kwanza ndo unachongwa. Kwahiyo ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, na kwa vile ncha ni nyembamba sana kuliko kisigino (upande wa nyuma ulio mnene) basi ncha inawahi kukauka wakati huku nyuma bado kuna maji, hapo ndo inapojikunja. Sasa Mbeya tuko juu karibu mita 1,700, mwezi wa 6 mpaka wa 8 hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, sembuse kijimwanzi chembamba vile. Masika inageuka, kila kitu kinashika ukungu.

Wengi wanadhani kazi ni kuikausha ridi mpaka basi. Hapana! Mi nataka unyevu wake usipande na kushuka hovyo, basi.

Nikimaliza kupiga naifuta kwa kitambaa safi kutoka kisigino kwenda kwenye ncha (ukirudisha nyuma unaivunja), alafu naibana kwa rababendi juu ya kioo, upande wa bapa chini. Kioo nenda kwa fundi vioo Mwanjelwa umwombe kipande, mwambie akusugulie kingo usijikate. Hicho kioo nakiweka kwenye kikontena cha plastiki chenye mfuniko unaobana, na kipindi cha baridi naongeza kasponji kadogo nimekakamua vizuri, nakaweka kwenye kizibo cha soda kasiguse ridi. Masika sponji natoa na mfuniko naufungua kidogo kila siku. Ukiona madoa meusi yenye manyoya, huo ni ukungu, tupa, usinibishie, hiyo hewa unaivuta wewe.

Zungusha ridi 4, ziandike namba kwa penseli kwenye kisigino, leo hii kesho ile. Mpya usiipige sana Jumapili ya kwanza, dakika 10 kwa siku kwa siku kadhaa inatosha. Na sukutua mdomo kabla ya kupiga, chai ya sukari inaganda kwenye nyuzi za mwanzi. Za plastiki zipo, kama Légère za Kanada, hazijali baridi wala mvua, ila mi sauti ya mwanzi siiachi.

Ya yule kijana niliiloweka kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, nikaikandamiza kwa kidole gumba juu ya kioo mpaka mawimbi yakaisha. Noti za chini zimerudi, ingawa ncha imebaki na kaufa upande mmoja so haitafika mbali. Nimempa na kipande cha kioo akaondoka nacho.