Miezi mitano ya kuhubiri, miaka 30 ya jela

Kila nikifundisha historia ya dini Afrika ya Kati, wapo wanafunzi wanaodhani Simon Kimbangu alifungwa kwa kuongoza uasi. Huwa nawaomba tuanze na tarehe.

Tarehe 6 Aprili 1921, Kimbangu, katekista wa Kibaptisti wa Kongo ya Chini, magharibi mwa Kongo, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa kijijini Ngombe Kinsuka. Wafuasi wake wanasimulia kwamba alipona papo hapo. Basi kijiji chake, Nkamba, kikafurika watu: wagonjwa wamebebwa kwa machela, vibarua wameacha mashamba ya Wazungu. Mafundisho yenyewe yalikuwa tupeni hirizi, acheni mitala, acheni ngoma. Hakumwagiza mtu ashike silaha. Ni kweli, manabii wengine walioibuka nyuma yake walikuwa wakali zaidi, hata wakawaambia watu wasilipe kodi. Lakini serikali ya kikoloni ya Kibelgiji iliwatia wote kapu moja, kwa sababu kilichoiuma ni mashamba kukosa wafanyakazi.

Tarehe 6 Juni, afisa Léon Morel alikuja Nkamba na askari kumkamata. Kimbangu akaponyoka. Alijificha miezi mitatu, kisha Septemba 12 akarudi Nkamba kwa miguu yake mwenyewe na kujisalimisha.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Alipelekwa mji wa Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo, mbele ya mahakama ya kijeshi, bila wakili. Tarehe 3 Oktoba akahukumiwa viboko 120 na kifo. Wamisionari Wabaptisti wakamwombea huruma, na Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji akaibadili adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kwa maoni yangu, mahakama ile ndiyo iliyomfanya mpinzani: mtu wa sala aliingia, akatoka adui wa dola.

Akasafirishwa hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao. Mtu wa kabila la Wakongo kati ya watu wa Kiswahili. Alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951.

Wafuasi nao walihamishwa kwa nguvu, wakatawanywa nchi nzima, na imani ikaenda nao kila walikotupwa. Nyumbani, mkewe Marie Muilu aliwakusanya waliobaki kwa siri. Kanisa la wafuasi wa Kimbangu lilitambuliwa rasmi tarehe 24 Desemba 1959. Mwaka uliofuata mwili wa Kimbangu ukafukuliwa Lubumbashi, ukarudishwa Nkamba.