Namba tatu za mwendo, zote za ngoma moja

Ukifungua rekodi ya ngoma ya kiasili iliyopigwa na okestra, pembeni yake mara nyingi utakuta taarifa tatu: mapigo kwa dakika, ufunguo (noti ambayo muziki unaizunguka, pamoja na rangi yake ya meja au maina) na hisia. Kazi yangu ni kukagua taarifa hizo baada ya programu ya kompyuta kuzijaza, na hakuna muziki unaonikalisha kitini muda mrefu kama huu. Programu hupima vizuri tu. Shida ni kwamba kisanduku cha kila taarifa kinataka jibu moja, na ngoma hizi zimejengwa kwa kugeukageuka.

Chukua ngoma ya nane katika Ngoma za Kislavoni, opus 46, za mtunzi wa Kicheki Antonín Dvořák. Aliziandika mwaka 1878 kwa piano moja inayopigwa na watu wawili, zikiagizwa na mchapishaji Simrock wa Berlin, kisha mwaka huohuo akazipanga mwenyewe kwa okestra. Muziki wenyewe ni wake. Alichokichukua kwa watu wa Bohemia ni midundo. Hii ya nane ni furiant, ngoma ya kasi ya hesabu ya tatu.

Ila hesabu hiyo ya tatu haisikiki mwanzoni. Okestra inaingia kwa nguvu, na ukihesabu mikazo utapata hivi: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Jumla ni mapigo kumi na mawili, sawasawa na vipimo vinne (vipande vya muziki vilivyo sawa kwa mapigo) vya mapigo matatu, lakini vipimo viwili vya kwanza vimekatwa upya katika mafungu ya mbilimbili. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Jaribu kupiga makofi kwenye mikazo hiyo huku mguu ukishika tatu-tatu bila kuyumba. Utaelewa kwa nini inamtoa msikilizaji kwenye kiti.

Sasa programu ifanye nini? Tuseme kondakta amechagua kasi ya vipimo 75 kwa dakika. Anayehesabu kila pigo atapata 225. Anayehesabu vipimo atapata 75. Na programu iliyonaswa na yale mafungu ya mbilimbili italeta 112 na nusu. Namba zote tatu zimo ndani ya sauti ileile, wala hakuna ya uongo. Ndiyo maana rekodi mbili zinazokwenda kasi moja zinaweza kuandikwa moja 75 na nyingine 225, na mtu akadhani kondakta mmoja alikuwa na haraka ya ajabu. Kabla ya kulinganisha rekodi, uliza kwanza: kinachohesabiwa ni nini?

Ufunguo nao una mtego wake. Programu nyingi hukusanya nguvu ya kila moja ya noti 12 katika rekodi nzima, kisha hulinganisha mkusanyiko huo na umbo la kila ufunguo, meja na maina. Ngoma hii imeandikwa katika G maina, lakini haitulii humo: inateleza kwenda meja na kurudi, na sehemu ya katikati, iliyo tulivu zaidi, iko G meja. Do haijahama, ni G ileile. Kilichobadilika zaidi ni mi, inayopanda na kushuka nusu toni. Ukichanganya dakika zote katika chungu kimoja, G itajitokeza wazi, lakini meja au maina itategemea sehemu ipi ilipigwa kwa sauti kubwa na ipi ilirefushwa. Nikiona G meja kwenye kisanduku siifuti papo hapo. Nakata dakika ya kwanza peke yake, naipima tena, na hapo jibu hunyooka.

Rekodi za zamani zinahitaji tahadhari zaidi. Sahani za santuri za mizunguko 78 kwa dakika hazikurekodiwa zote kwa mizunguko 78 kamili. Sahani ikizungushwa kwa kasi iliyozidi asilimia 6, sauti yote inapanda karibu nusu toni, na mwendo unapanda kwa kiasi hichohicho. Furiant yetu ya 225 inakuwa takriban 238, na G maina inasomeka kama G-shapu maina. Kwangu hiyo ni dalili nzuri sana: okestra haiwezi kuwa imehamisha ufunguo wa kazi hii kwa hiari yake, kwa hiyo naurudisha ufunguo mahali pake, na mwendo unajirekebisha pamoja nao.

Kisanduku cha hisia ndicho ninachokipigania. Programu nyingi hufuata mchoro aliouchapisha mwanasaikolojia James Russell mwaka 1980, wenye mhimili wa raha na karaha na mwingine wa msisimko na utulivu. Msisimko hukadiriwa vizuri kwa kasi na ukali wa sauti. Raha mara nyingi huegemea ufunguo: meja furaha, maina huzuni. Kwa ngoma hii matokeo yake ni neno kama "hasira" au "wasiwasi", na hapo sikubaliani kabisa. Maina hapa ni ya mtu anayekanyaga sakafu kifua mbele, na matoazi yanamuitikia. Inapoingia meja, kinachokuja ni upole na hewa ya kupumua. Furaha ilikuwepo tangu pigo la kwanza.

Kwa hiyo kadi yangu husomeka: "Vipimo 75 kwa dakika, mapigo 225, G maina, katikati G meja, ya majivuno na nguvu, katikati pole." Nikilazimishwa kubakiza namba moja naacha 75, kwa kuwa kwa kasi hii mkono wa kondakta hushuka mara moja kwa kila kipimo, na hata wakati wa yale mafungu ya mbilimbili wapigaji wanautazama huohuo.