Rory Gallagher kwa wino na penseli: kioo kisiguse picha

Ukimchora Rory Gallagher, kitakachokutoa jasho si uso, ni gitaa. Mpigaji huyu wa roki na bluzi kutoka Ayalandi alinunua gitaa la umeme aina ya Fender Stratocaster, la mwaka 1961, mjini Cork mwaka 1963, akawa nalo mpaka alipofariki mwaka 1995. Rangi ilichubuka mpaka mbao ikabaki wazi sehemu kubwa. Ukilichora liking'aa kama limetoka dukani leo, umemchora mtu mwingine.

Picha niliyoletewa kuwekewa fremu hapa Kisumu imelielewa hilo. Palipobaki rangi, mchoraji amejaza wino mweusi tititi. Palipochubuka ameshika penseli, akafuata mistari ya mbao mmoja mmoja. Mahali wino unapokutana na penseli pana menomeno kama ufuo wa ziwa kwenye ramani. Nimekaa nikilitazama gitaa hilo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Tena alianza na wino, ukakauka, ndipo akaja na penseli. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu penseli nzito huacha utelezi, na wino ukipita juu yake haushiki vizuri.

Wino wa kaboni haufifii kwa mwanga, na grafaiti ya penseli vilevile. Wa biro hufifia, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Shida ya penseli ni kwamba imelala juu ya karatasi tu. Kioo kikiigusa, inahamia kwenye kioo. Na huku kwetu kando ya ziwa, unyevu ukinaswa katikati hapo, ukungu haukawii. Ndiyo maana nakata kadi nene isiyo na asidi, yenye dirisha katikati, naiweka kati ya picha na kioo. Wateja wengi huiona kama pambo, wanaomba niitoe bei ishuke. Kwa kazi ya penseli siitoi. Kama ni bei, afadhali fremu iwe ya saiprasi, mbao ya bei nafuu.

Picha naishikiza juu peke yake, kwa vipande vya karatasi nyepesi na gundi ya wanga, ili ipate nafasi ya kutanuka na kunywea. Selotepu hapana kabisa. Gundi yake hugeuka manjano na doa halitoki.

Ukifika nyumbani, usiitundike panapopigwa na jua la jioni. Wino utabaki, lakini karatasi itageuka manjano. Ukuta unaopakana na bafu pia uuache.