"Si Amekiri Mwenyewe, Mnangoja Nini?"

Kesi yoyote ikivuma, simu za dawati letu la polisi huwa za aina mbili. Kuna wanaouliza kwa nini mshukiwa hajafungwa ilhali amekiri. Na kuna wachache, ambao ndio walionifanya niandike, wanaopiga kusema ni wao waliotenda, kumbe si wao. Tunawashukuru wananchi kwa ushirikiano wao. Huu wa pili tungeomba upungue.

Niliwahi kuketi na mzee mmoja aliyefika kituoni alfajiri na blanketi, mswaki, na viatu alivyokwisha kutoa kamba, tayari kwa seli. Mauaji aliyokuja kuyakiri yalikuwa yametawala habari wiki nzima. Alisimulia bila kusitasita mpaka akafika kwenye geti la bluu. Geti la bluu lilikuwa la jirani. Wanahabari walikuwa wamezuiwa kukaribia kwa marehemu, wakapiga picha walipoweza, na runinga ikawa inarudia geti hilo kila jioni. Tulipomwambia aende nyumbani alikasirika. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo, alisema, hakuna aliyemuuliza swali lolote.

Ndiyo maana maelezo mengine, ambayo aliyetenda angeyajua, hatuyatoi kwa umma, na si kwamba tunaficha kitu, kama inavyodaiwa kila mara.

Upweke ni sababu moja tu. Mwingine ana dhambi yake ya zamani inayomkereketa, akaona afadhali aadhibiwe hata kwa ya mwenzake. Mwingine ni mgonjwa, ndoto na tukio vimemchanganyikia. Mzazi husema yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, kumbe ni mwanawe. Na yuko aliyehojiwa hadi akachoka, akakubali ili alale. Ile kauli kwamba hakuna mwenye akili timamu anayejitia kitanzi nimeisikia hata kwa watu waliosoma, na imenichosha. Waziri Mkuu wa Uswidi, Olof Palme, aliuawa kwa risasi Stockholm tarehe 28 Februari 1986. Zaidi ya watu 130 wamekiri kumuua. Huko huko Uswidi, Sture Bergwall alikiri mauaji zaidi ya 30 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akipewa dawa kali na kusikilizwa kwa makini kila alipoongeza mengine. Mahakama zilimtia hatiani kwa mauaji 8. Mwaka 2008 aliyakana yote, na kufikia 2013 hakuna hukumu hata moja iliyobaki imesimama.

Anayejivika jina la muuaji ana madhara zaidi. Kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1978 na 1979, John Humble wa Sunderland aliwaandikia polisi na gazeti barua, kisha akatuma kanda ya sauti akijiita Jack, yule aliyekuwa akiua wanawake Yorkshire. Polisi wakaanza kutafuta mtu mwenye lafudhi ya Sunderland. Muuaji halisi, Peter Sutcliffe, alikuwa wa Bradford, na walikwisha kumhoji zaidi ya mara moja. Baada ya kanda ile aliua wanawake wengine watatu kabla ya kukamatwa Januari 1981. Humble alipatikana 2005 kwa DNA ya mate aliyolambia bahasha, na 2006 akafungwa miaka 8.

Hapa Kenya utaratibu uko wazi, ingawa wengi hawautaki kuusikia. Kwa mujibu wa kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, ungamo halikubaliki mahakamani ila limetolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta, ambaye si mchunguzi wa kesi hiyo, pakiwepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Kanuni za 2009 kuhusu maungamo zinataka mshukiwa achague lugha, apewe mkalimani bila malipo, aelezwe haki yake ya kuwa na wakili, asinyimwe chakula, maji wala usingizi, na saa aliyokamatwa iandikwe. Kwa hiyo ile video ya simu, mtu ameketi chini amezungukwa na umati akisema "ni mimi", si ungamo. Msitutumie tena.

Kumpa mtumishi wa umma habari unazojua ni za uongo, kwa nia ya kumfanya achukue hatua asiyostahili, ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungo chake hufikia miaka 3. Kujifanya mtu mwingine, aliye hai au aliyekufa, kwa nia ya kulaghai ni kosa jingine, kifungu cha 382. Huruma ya kumlinda mwana hupunguza adhabu pengine, kosa haiondoi.

Aliyekwisha kujitaja kwa jambo asilolitenda arudi kituo kilekile, atoe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), aandikishe maelezo mapya kwa jina lake. Asipige simu akakata. Septemba 1979 Humble naye aliwapigia polisi kuwaambia kuwa kanda ile ni uzushi. Hakujitaja, na waliendelea kutafuta lafudhi.