Mzio wa dagaa si mzio wa dawa ya CT

Kwa miezi kadhaa sasa, dirisha la mapokezi ya radiolojia hapa Kigoma limegeuka baraza. Mgonjwa anafika na fomu ya daktari, malipo yamekamilika, kanula, ule mrija mwembamba wa kupitishia dawa, imeshawekwa mkononi, halafu akiwa mlangoni mwa chumba cha mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, anasema: "Hiyo dawa ya kuchoma siitaki, mimi nina aleji ya dagaa." Wengine wanavaa viatu na kuondoka. Wengine wanasaini huku wanatetemeka, na jioni ndugu zao wanapiga simu kulalamika kwamba tumemlazimisha mama yao. Ndiyo sababu ya kuandika.

Dawa ninayoizungumzia ni kontrasti, ile wengi wanayoiita "dawa ya rangi". Rangi yenyewe haina. Ni angavu kama maji, inanata kidogo vidoleni, na ndani yake kuna iodini, ambayo sote tunaifahamu kwa jina la madini joto. Iodini huzuia mionzi isipenye kirahisi, kwa hiyo mishipa ya damu, figo au uvimbe hujitokeza kwa weupe kwenye picha. Si kila CT inaihitaji. Aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa, mwenye dalili za kiharusi anayetafutwa kama damu imevuja, na mwenye mawe kwenye figo, mara nyingi hupigwa picha bila dawa yoyote.

Sasa dagaa. Watu wanaamini kwamba, kwa kuwa samaki wana madini joto, mwenye mzio wa samaki hawezi kuchomwa dawa yenye madini joto. Naomba wavuvi wa Kibirizi wasiniwekee kinyongo kwa kuwataja, lakini dagaa hawahusiki hapa, wala migebuka, wala kuhe. Mwenye mzio wa samaki, mwili wake unapigana na protini iliyomo kwenye nyama ya samaki. Haupigani na madini joto. Kama jana usiku ulikula mboga iliyotiwa chumvi yenye madini joto na ukaamka salama, basi mzio wa madini joto huna, kwa sababu tezi ya shingoni ya kila binadamu inayahitaji ili ifanye kazi. Hata yule anayewashwa na iodini ya kusafishia vidonda, ngozi yake inaudhiwa na mchanganyiko ule wa dawa ya vidonda. Si sababu ya kukataa CT.

Lakini tuseme ukweli, imani hii haikuzaliwa sokoni. Ilizaliwa hospitali. Miaka ya 1970 huko Marekani, watafiti waliona kwamba baadhi ya waliodhuriwa na kontrasti walikuwa pia na mzio wa vyakula vya baharini. Waliotaja vyakula vingine walikuwa karibu idadi ile ile, ila hao hawakukumbukwa. Swali la samaki likaingia kwenye fomu za hospitali duniani kote na likakaa humo miongo mingi. Kwa hiyo ninapokereka na mgonjwa wa dagaa, najikumbusha kwamba ni sisi tuliomfundisha.

Tunachotaka kujua ni kitu kimoja kikubwa: uliwahi kuchomwa dawa hii, na ilikuwaje? Aliyewahi kupata mzio wa kontrasti ndiye mwenye hatari iliyopanda kweli, mara tano au zaidi kuliko mtu wa kawaida. Mwenye pumu isiyotulia, au mzio mkali wa kitu kingine chochote, iwe karanga, penisilini au hao dagaa, hatari yake hupanda kidogo. Hilo tunaliandika, tunakuwa macho zaidi, na kipimo kinaendelea. Tofauti ni kubwa kati ya "kuwa macho zaidi" na "kipimo kimekatazwa", na mara nyingi ugomvi wa dirishani unaanzia hapo.

Wengine husema, "Basi nijaribieni kidogo kwanza." Nalielewa ombi hili, maana ndivyo watu walivyozoea kwa sindano nyingine. Kwa kontrasti halisaidii. Mara nyingi dawa hii huzifanya seli fulani za mwili zimwage histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, papo hapo, bila mwili kuwa na kumbukumbu yoyote ya zamani. Ndiyo maana mtu anaweza kupata shida mara ya kwanza kabisa, na ndiyo maana tone dogo likipita salama haliahidi kitu kuhusu mililita 100 zinazofuata. Tone hilo hilo, kwa mtu wa bahati mbaya, linatosha kuleta shida yenyewe.

Kuna mambo matatu ambayo si mzio, na ningependa kila mtu ayajue kabla ya kulala kwenye ile meza. Joto litakupanda kutoka kifuani hadi tumboni. Mdomoni utasikia ladha kama umelamba sarafu. Na utahisi umejikojolea. Hujajikojolea. Mama mmoja muuza mawese, mtu wa heshima zake, alianza kulia ndani ya mashine huku akiita, "Mwanangu, nimeaibika, leteni khanga!" Muuguzi akaingia, akapapasa shuka chini yake, kavu kabisa. "Mama, pako pakavu, shika mwenyewe." Akapeleka mkono taratibu, akashika, akanyamaza, kisha akacheka mpaka ikabidi tusubiri atulie ndipo turudie picha. Nusu dakika hivi na yale yote yanakwisha. Shida ni kwamba ukitoka ukamsimulia jirani kwamba "dawa ilinichoma mwili mzima", jirani huyo akiitwa wiki ijayo hatakuja.

Mzio wenyewe una sura nyingine. Ule mdogo ni kuwashwa, vipele vilivyovimba kama umepita kwenye upupu, kupiga chafya. Ule mkubwa ni koo kukaza, sauti kukwaruza, kupumua kwa filimbi, kizunguzungu, presha kushuka. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Japani wa wagonjwa zaidi ya 330,000. Kwa dawa za kizazi cha zamani, waliopata tatizo la aina yoyote walikuwa asilimia 12.66, kwa dawa za kizazi kipya, ambazo ndizo tunazotumia, asilimia 3.13. Tatizo kali lilishuka kutoka asilimia 0.22 hadi 0.04, yaani watu 4 katika 10,000. Simulizi nyingi za kutisha ambazo wazee wanazo kuhusu "ile sindano ya figo" ni za zile dawa za zamani, na wazee hawadanganyi.

Watu 4 katika 10,000 si sifuri, na sitamwambia mtu kwamba ni sifuri. Nimemwona kijana mwenye afya, mchezaji mpira, dakika ya nne baada ya sindano akianza kujikuna shingo. Nilipomsogelea, mdomo wa juu ulikuwa umeanza kuvimba na sauti yake imekuwa ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, miguu ikainuliwa, oksijeni, dripu. Kabla ya dakika kumi alikuwa anatuuliza simu yake iko wapi. Alilala wodini usiku mmoja kwa uangalizi. Dawa iliyomwokoa ni ya bei ndogo na inakaa kwenye trei pembeni ya mashine, haifungiwi kabatini. Una haki ya kuuliza ilipo kabla hujalala. Hatukasiriki.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo malalamiko yanapotungwa.

Kwanza, fomu ya maswali na ridhaa. Isomwe yote. Asiyesoma asomewe na mhudumu, kisha aweke dole gumba mbele ya shahidi. Mgonjwa asiyejitambua husainiwa na ndugu wa karibu. Kusaini hakuondoi haki yako ya kulalamika. Kunaonyesha kwamba ulielezwa. Ukibadili mawazo hata kanula ikiwa mkononi, unaruhusiwa, na daktari aliyekuandikia ataarifiwa ili aone kama picha bila dawa itamfaa.

Pili, kipimo cha kreatinini kuangalia figo, hasa kwa wazee, wenye kisukari, wenye presha na waliowahi kuugua figo. Mwenye kisukari anayemeza metformini aje na vidonge vyake mkononi. Figo zikiwa dhaifu sana ataambiwa avisimamishe kwa saa 48 na apimwe tena kabla ya kuanza upya. Zikiwa nzima, aendelee. Usivisimamishe mwenyewe kwa kuambiwa na mtu kwenye foleni. Mwenye rovu au tezi inayofanya kazi kupita kiasi aseme mapema, kwani iodini nyingi kwa mkupuo inaweza kuichokoza tezi hiyo. Mjamzito, au anayehisi ni mjamzito, aseme kabla ya kuingia. Anayenyonyesha anyonyeshe kama kawaida. Dawa inayopita kwenye maziwa haifiki asilimia 1 ya dozi.

Tatu, aliyewahi kupata mzio wa dawa hii aseme siku anapopangiwa tarehe. Daktari anaweza kuchagua kipimo kingine, kutumia kontrasti ya aina tofauti na ile iliyomdhuru, au kumwandikia vidonge vya kinga. Kwa mpangilio unaotumika sana, vidonge hivyo huanza saa 13 kabla ya kipimo, hurudiwa saa 7 kabla, kisha saa 1 kabla. Mgonjwa kutoka Kakonko anayelitaja hilo akiwa ameshalala mezani amejiahirisha mwenyewe hadi kesho, na hasira zake zikituangukia sisi, basi. Dharura ni habari nyingine, daktari ataamua palepale.

Nne, dakika 30. Ukishuka mezani unakaa kwenye benchi la korido, kanula ikiwa bado mkononi, kwa dakika 30. Mzio mkali karibu wote hujitokeza ndani ya muda huo, na wengi wao ndani ya dakika tano za mwanzo. Kanula ile ndiyo njia yetu ya kukupa dripu haraka mishipa ikianza kusinyaa. Kila siku kuna anayetaka kuchomoa kwa sababu gari la Kasulu linajaza. Ukishikilia kuondoka utasaini fomu ya kuondoka kinyume cha ushauri, muda utaandikwa, na jina la aliyekushauri litaandikwa. Gari litapata abiria mwingine, na kesho lipo.

Tano, na hapa nitakuwa mkali: kuazimana kadi za bima. Kutumia kadi ya mtu mwingine ni udanganyifu na ni kosa kisheria, kwa aliyeazima na kwa aliyeazimwa. Kadi huzuiliwa, gharama hudaiwa na suala hufika polisi. Lakini mimi nisiye mwanasheria naogopa jambo jingine. Ukiingia kwa kadi ya dada yako, kreatinini ninayoisoma ni ya dada yako, na mzio ulioandikwa humo, au ambao haukuandikwa, ni wa dada yako. Hatari ninayoweza kuizuia umeificha kwa mkono wako.

Upande wetu nao una masharti. Anayechoma dawa hii lazima awe na leseni hai ya taaluma yake. Asiye nayo hufikishwa mbele ya baraza lake, ambalo linaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Kila mzio tunaouona unajaziwa fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ikitaja jina la dawa na namba ya toleo la chupa.

Ukishafika nyumbani, kunywa maji ya kutosha. Figo nzima huitoa karibu dawa yote ndani ya saa 24. Vipele vinaweza kuchelewa na kutokea baada ya saa kadhaa, hata siku kadhaa hadi wiki; mara nyingi huisha vyenyewe, lakini nenda kituo cha afya kilicho karibu vikionekana. Pumzi ikibana au uso ukivimba, usisubiri asubuhi.

Aliyepata mzio hupewa karatasi yenye jina kamili la dawa, tarehe na kilichotokea. Usiandike tu "aleji ya CT" nyuma ya daftari la kliniki, kwa kuwa mashine haina aleji na daktari wa kesho hatajua aepuke nini. Karatasi ikipotea, njoo dirishani siku ya kazi ukiwa na namba yako ya hospitali. Kwa jina pekee tutakutafuta sana, maana kwenye faili zetu akina Juma Hamisi wa Ujiji tu wanajaza ukurasa.