Pete ya CT-Scan Huzunguka, Lakini Mionzi Haibaki Mwilini

Tangu mashine za CT-Scan, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, zilipoanza kufungwa katika hospitali za rufaa za mikoa nchini Tanzania, hofu ya wananchi kuhusu mionzi imeongezeka, na mara nyingi chanzo chake ni ile pete kubwa inayovuma na kumzunguka mgonjwa.

Ndani ya pete hiyo, ambayo uwazi wake ni takriban sentimita 70, tyubu ya eksirei imefungwa upande mmoja na vigunduzi vya mionzi upande unaoielekea. Vyote huzunguka pamoja huku kitanda kikisogea, na kompyuta hukusanya vipimo vya kila pembe na kukokotoa picha za mwili, kipande baada ya kipande. Mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, ambayo ilimpima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, ilihitaji dakika kadhaa kwa kila kipande cha picha. Kwa miaka mingi nyaya za umeme ziliilazimu pete isimame na kurudi ilikotoka, hadi miaka ya 1980 zilipopatikana pete za kuteleza, ambazo hupitisha umeme kwa mguso wa brashi bila waya kujisokota. Leo mzunguko mmoja huchukua chini ya sekunde moja, na kifua kizima hupigwa picha kwa pumzi moja. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa abane pumzi: akijitikisa picha hufifia, na ikirudiwa anapokea dozi ya pili.

Mvumo wa pete si mionzi. Pete inaweza kuzunguka ilhali tyubu haijawashwa, na tyubu ikizimwa mionzi hukoma papo hapo. Haibaki mwilini, kwenye nguo wala chumbani. Hili limeelezwa mara nyingi, na hakuna sababu yoyote ya mama aliyetoka kupimwa kuzuiwa asimnyonyeshe mwanawe kwa kuogopa eksirei.

Kinachohitaji uangalifu ni kupimwa bila sababu. CT ya kichwa hutoa takriban milisiveti 2 (kizio cha dozi ya mionzi) na ya tumbo hufikia 8 hadi 10, wakati wastani wa mionzi ya asili duniani ni 2.4 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mionzi amewekewa kikomo cha wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, lakini mgonjwa hana kikomo, kwa kuwa kinga yake ni uamuzi wa daktari kwamba faida inazidi madhara. Kwa hiyo si sahihi kumshinikiza daktari aandike CT kwa kila maumivu ya kichwa eti kwa sababu ni “kipimo kikubwa”. Mjamzito, au anayehisi kuwa na ujauzito, aseme kabla ya kupanda kitandani.

Kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, kituo hakiruhusiwi kutumia mashine hii bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Chumba na mashine hukaguliwa, na watumishi huvaa vifaa vya kupima dozi wanayopokea. Kuendesha mashine bila leseni ni kosa la jinai, hata kama picha zinazotoka ni nzuri na mmiliki amekwisha kuomba leseni akisubiri majibu.

Mgonjwa anayehamishiwa hospitali nyingine aombe picha zake kwenye CD pamoja na ripoti, na azikabidhi kwa daktari anayempokea kabla kipimo kipya hakijaandikwa.